Ukiitamani Himalaya, tafuta mlima ambao haujapandwa

Mei 2024 Mkenya Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki na mpandaji mzoefu, alifariki karibu na kilele cha Everest akijaribu kufika bila oksijeni ya mitungi. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Msiba wa namna hii ukitokea, swali linalokuja haraka barazani ni moja: mtu mwenye kazi yake mjini alifuata nini kwenye barafu ya Nepal? Sina neno la kumlaumu marehemu, na swali hilo sidhani linatufikisha popote. Historia ya Himalaya imejaa watu wenye kazi za kawaida kabisa. Edmund Hillary, aliyefika kileleni Everest pamoja na Tenzing Norgay tarehe 29 Mei 1953, alikuwa mfuga nyuki wa New Zealand. Joe Brown, mmoja wa wawili waliotangulia kuupanda Kangchenjunga mwaka 1955, alikuwa fundi wa ujenzi kutoka Manchester. Kinachostahili kuulizwa ni mlima gani mtu kama huyo anauchagua, na anajiandaa vipi. Maoni yangu ni kwamba anayeitamani Himalaya kwa dhati afadhali aiache Everest, ajiandae kwa miaka kadhaa, kisha aende kwenye mlima mdogo zaidi ambao bado haujapandwa na mtu yeyote.

Milima hiyo ipo, tena mingi. Mwaka 2014 serikali ya Nepal iliwafungulia wapandaji vilele vingine 104, na leo vilivyo wazi vimepita 400. Vingi vina urefu wa meta elfu sita na kitu, na baadhi havijawahi kukanyagwa. Mwaka 2025 serikali hiyo ilipandisha ada ya kibali cha Everest kwa msimu wa Aprili na Mei kutoka dola 11,000 za Marekani hadi 15,000. Mwaka huohuo ikatangaza kuondoa kwa miaka 2 ada za vilele 97 vya Karnali na Sudurpashchim, majimbo ya magharibi ya mbali ambako wageni ni wachache na umaskini ni mwingi. Kwa hiyo hata mwenye mali anatuelekeza huko.

Everest ya leo, hasa kwa njia ya kusini, ni mlima uliokwisha kutayarishwa. Kabla mteja hajaanza kupanda, mafundi wa Kisherpa wamelaza ngazi za alumini juu ya nyufa za barafu ya Khumbu, na wenzao wamefunga kamba hadi kileleni. Mahema yamesimikwa, mitungi imepandishwa, utabiri wa hali ya hewa umelipiwa. Siidharau kazi hiyo. Ni ustadi mkubwa na unalisha familia nyingi. Lakini anayeupanda mlima kwa utaratibu huo amewakabidhi wengine maamuzi yake, na siku maamuzi hayo yakiyumba hana akiba yake mwenyewe. Tarehe 10 na 11 Mei 1996 watu 8 walikufa Everest katika dhoruba moja, wakiwamo Rob Hall na Scott Fischer, waongozaji walioheshimika mno katika kazi yao. Suala la saa ya kugeuka lilikuwa limezungumzwa kabla. Saa nane mchana ikapita na watu wakaendelea kupanda. Walikuwa wamelipa, wamesafiri kutoka mbali, na kilele wanakiona. Kwenye mlima ambao haujapandwa hakuna wa kumkabidhi. Hakuna anayejua kama ukingo wa mashariki unapitika, wala aliyeacha kamba, wala mwenye picha akiwa juu. Timu itaisoma theluji yenyewe, itachagua njia yenyewe na, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, itaamua yenyewe kurudi. Mtu akijua miaka mitatu kabla kwamba mzigo huo ni wake, hawezi kujiandaa kwa kulipa na kungoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa wanawake watatu wa Uskoti. Mwaka 1955 Monica Jackson, Elizabeth Stark na Evelyn Camrass, wanachama wa klabu ya wapandaji wanawake ya huko kwao, walikwenda Jugal Himal, kaskazini-mashariki ya Kathmandu, mpakani na Tibet. Camrass alikuwa daktari. Ndio msafara wa kwanza wa wapandaji wanawake watupu katika Himalaya. Wapandaji walikuwa hawalijui vizuri eneo hilo, kwa hiyo kazi iliyotangulia ilikuwa kutafuta pa kupita hadi kwenye barafuto. Walipokwisha kuiona milima kwa macho yao, wakachagua kilele cha kama meta 6,700. Kilipandwa pamoja na Masherpa wao, na wakakiita Gyalgen, kwa heshima ya Mingma Gyalgen aliyewaongoza Masherpa hao. Hapo ndipo penye somo. Kwao uwezo ulitangulia na mlima ukafuata. Everest humgeuzia mtu mpangilio huo: mlima unatajwa kwanza, tena mbele ya ndugu na wafadhili, ndipo anatafutwa wa kumfikisha.

Mfano wa pili una mizizi kwetu. Eric Shipton na Bill Tilman walikutana Kenya, wote wakiwa wakulima walowezi, na milima iliyowafunza kupanda pamoja ni ya Afrika Mashariki: Kilimanjaro, Rwenzori, na Mlima Kenya ambako mwaka 1930 waliupanda ukingo wa magharibi. Ni kweli walikuwa na nafasi ambayo utawala wa kikoloni ulimnyima Mwafrika wa wakati huo, na hilo lisifichwe. Lakini njia yao ya kufanya kazi inaigika. Mwaka 1934, pamoja na Masherpa watatu, Ang Tharkay, Pasang na Kusang, walilipenya korongo la mto Rishi Ganga nchini India na kufika kwenye bonde lililozingira Nanda Devi, bonde lililowashinda wapandaji waliowatangulia. Safari ya miezi mingi iligharimu chini ya pauni 300, wakati misafara ya Everest ya enzi hizo ilikwenda na mamia ya wapagazi. Mwaka ule hawakufika kileleni. Waliijua njia, wakarudi nyumbani. Mwaka 1936 Tilman alirudi na kundi la Waingereza na Wamarekani, na tarehe 29 Agosti yeye na Noel Odell wakasimama juu, meta 7,816, kilele kirefu kuliko vyote vilivyopandwa hadi Annapurna ilipopandwa mwaka 1950. Aliyepangwa kupanda na Odell alikuwa Charles Houston. Nyama ya kopo iliyoharibika ikamlaza kwenye kambi ya juu, akakubali kushuka, na Tilman akashika nafasi yake. Kukubali huko ni sehemu ya ujuzi sawa na kushika kamba, na katika kundi dogo linaloaminiana ni rahisi zaidi kuliko kwa mteja aliyelipa peke yake.

Basi kujiandaa ni kufanya nini? Mbio na mazoezi ya nguvu ni sehemu ndogo. Kwenye meta 5,500 kanieneo ya hewa ni nusu ya ile ya pwani, na mwili unahitaji muda kuizoea. Kilimanjaro hutudanganya kidogo hapa: mtu huondoka Kibo Hut, meta 4,720, usiku wa manane, hufika Uhuru, meta 5,895, alfajiri, na mchana ameshashuka. Himalaya atalala kwenye kimo kile, usiku baada ya usiku. Madaktari wa milimani wanashauri kwamba ukishapita meta 3,000, kimo cha pa kulala kisipande zaidi ya meta 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Ratiba ya likizo ya wiki mbili haiwezi kuuheshimu ushauri huo.

Kisha kuna kamba. Wawili wamefungana wakivuka barafuto. Wa mbele anakanyaga theluji iliyofunika ufa, inampokonya miguu, anatoweka. Wa nyuma hujitupa chini na kukita shoka la barafu. Akiwa amelala hivyo, uzito wa mwenzake ukimburuta, anatakiwa achimbie nanga kwenye theluji, auhamishie mzigo wa kamba, ndipo asuke mfumo wa kapi wa kumvuta mtu mwenye uzito kama wake, glavu mikononi na upepo usoni. Jambo hili halifunzwi kwa video. Hurudiwa mpaka mtu aweze kulifanya akiwa na hofu na uchovu. Sehemu ya kamba tunaweza kuifanyia mazoezi nyumbani, kwenye miamba ya Lukenya au Hell's Gate. Ya theluji sharti ifuatwe kwingine, maana Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912. James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kileleni Everest, alifika Mei 2022 akiwa na miaka 62, baada ya miongo kadhaa ya kufundisha wengine kupanda. Kwa mtu anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, miaka mitano ya maandalizi si mingi.

Kuna watakaosema kwamba ninawapeleka watu pasipo na wa kuwaokoa. Pingamizi hili ni zito. Kwenye bonde lisilofikiwa na wengi, timu ya watu wanne ikipata ajali huenda helikopta isije siku hiyo wala ya pili yake, na poromoko la theluji halichagui mzoefu na mgeni. Anayeona hatari hiyo haikubaliki ana haki kamili ya kubaki. Jibu langu liko kwenye kimo. Kwenye mlima wa meta 6,200 mtu hupanda bila mitungi, akili yake bado inafanya kazi, na akianza kuumwa anaweza kushuka hadi kambi ya chini ndani ya muda unaookoa maisha. Juu ya meta 8,000, hata akiwa katikati ya umati, wenye nguvu ya kumbeba ni wachache mno, na kila mmoja wao anahesabu pumzi zake. Wingi wa watu ulio karibu nawe unafariji kuliko unavyosaidia.

Suala la wafanyakazi ndilo linalonigusa zaidi, na wasomaji wa Moshi na Marangu hawahitaji kuelezwa. Tarehe 18 Aprili 2014 poromoko la barafu la Khumbu liliua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa wakitayarisha mlima kwa ajili ya wageni. Mteja huvuka barafu ile mara chache. Mbeba mizigo huivuka tena na tena ili mteja akute hema na chai. Misafara midogo nayo haijitakasi kwa udogo wake: kwenye Nanda Devi mwaka 1936 Sherpa Kitar alifia kambini kwa ugonjwa. Lakini timu inayobeba mizigo yake yenyewe kutoka kambi ya chini kwenda juu inapunguza idadi ya watu wanaohatarisha maisha kwa ndoto isiyo yao. Kwa wapagazi wa kufika kambini, masharti ni yaleyale tunayoyadai Kilimanjaro, ambako kikomo cha mzigo ni kilo 20: viatu, nguo za baridi, bima, na malipo kamili mikononi mwao.

Wengine watauliza, kwa haki, ni nani aliyewapa wageni ruhusa ya kukanyaga kila kilele. Hapa naafiki moja kwa moja. Gangkhar Puensum ya Bhutan, meta 7,570, ndio mlima mrefu kuliko yote ambayo haijapandwa, na utabaki hivyo kwa sababu Bhutan ilipiga marufuku upandaji wa milima yote mwaka 2003. Machapuchare ya Nepal imefungwa. Mwaka 1957 Wilfrid Noyce na David Cox walisimama chini kidogo ya kilele kwa kuheshimu utakatifu wake. Watu wa Afrika Mashariki wenye kumbukumbu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kama makao ya Ngai, Mungu wa Wakikuyu, wana kila sababu ya kulielewa hilo. Wanaotafuta mlima ambao haujapandwa waanze kwa kuwauliza wenyeji wa bonde lake, na wakiambiwa hapana, waende kwingine.

Limebaki la fedha, nalo ni jepesi kuliko linavyosemwa. Watu hutumia akiba zao kwa mambo mengi ambayo jirani hayaelewi. Kibali kisicholipiwa na timu ya marafiki wanne hugharimu sehemu ndogo tu ya safari ya Everest, na kinachotumika huishia kwa wenye nyumba za wageni na wapagazi wa wilaya ambazo watalii hawazijui. Kwa hiyo, msomaji, ndugu yako au mfanyakazi mwenzako akikuletea kadi ya mchango wa kwenda Himalaya, usimcheke, na usimpe kwa haraka. Mwulize amelala usiku ngapi juu ya meta 4,500, ni nani atakayeshika ncha ya pili ya kamba yake na wamefanya mazoezi pamoja mara ngapi, wapagazi wake watalipwa nini, na ni jambo gani likitokea atageuka hata kama kilele kiko mbele yake. Akikujibu yote bila kubabaika, mchangie. Akishindwa, mwambie arudi mwaka ujao.