Kila Neno na Daraja Yake



Majuzi, baada ya sala ya Isha, mama mmoja wa mtaani alitujia pamoja na bintiye aliye chuo kikuu. Binti alikuwa na tasnifu ya kurasa themanini na ushei, na msimamizi wake alikwisha kuirejesha mara mbili: vichwa vya sura havilingani, na nambari zilizo katika yaliyomo hazioani na kurasa zenyewe. Zimesalia siku mbili. "Sheikh," akasema mama, "mwanangu halali. Usiku kucha arekebisha kimoja kimoja."

Tuliitazama kazi ile. Elimu yake haikuwa na dosari. Ila kila kichwa alikikoleza na kukikuza kwa mkono, na yaliyomo akayaandika mwenyewe, vitone na nambari. Kwa jicho la mtu vile ni vichwa. Kwa kompyuta ni maneno yaliyonenepeshwa tu.

Sisi tuliosoma madrasa tulilelewa na jambo hili. Katika vitabu vyetu matini huwekwa ndani ya mabano au pambizoni, sharhe ikapewa mahali pake. Na wanakili wa kale walizoea kuandika "babu" na "faslu" kwa wino mwekundu. Kila neno lina daraja yake, na daraja ndiyo iamuayo vazi.

Mitindo iliyomo katika Microsoft Word ni mwendo uo huo. Weka kishale kwenye jina la sura, uchague mtindo uitwao Heading 1. Vichwa vidogo vilivyo chini yake, Heading 2. Aya za kawaida, Normal. Atakaye wepesi na abonyeze Ctrl na Alt pamoja na 1 au 2. Chuo kikitaka vichwa viwe vya ukubwa wa 14, bofya jina la mtindo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Modify, urekebishe mara moja; vyote vitafuata. Yaliyomo nayo iachie programu iyatunge kutokana na vichwa hivyo. Lakini tahadhari: hayajirekebishi yenyewe kila uongezapo kurasa. Kabla ya kuchapisha, bofya ndani yake, kisha ubonyeze F9.

Tulikaa naye ukumbini, mama akitutilia kahawa. Kazi iliyomkesha siku nyingi ilimalizika kabla ya saa sita za usiku.

Enyi mabinti na wana wetu, msingoje hadi wiki ya mwisho. Ipeni kila sehemu daraja yake tangu ukurasa wa kwanza. Mitindo haitaisahihisha hoja iliyo dhaifu, ila itawabakishia usiku wa kuifikiri. Nanyi wazazi, mkimwona mtoto akikesha, muulizeni ni elimu imkeshayo au ni vichwa.

Wabillahi tawfiq.