Mbegu elfu nne, nauli elfu kumi!

Jamani wadau, leo nina hasira. Kile kibustani chetu nyuma ya hosteli mnakijua, ndicho kinachotulisha bumu likichelewa. Basi nikaagiza mbegu za nyanya kutoka Dar, gramu 5 tu, zije hapa Morogoro. Mbegu shilingi 4,000. Kuzituma? 10,000!

Nikauliza, vipi tena? Jibu: ndiyo bei ya chini, kifurushi chochote mpaka kilo moja. Yaani mbegu zangu zinalipa sawa na kilo nzima ya viatu! Gramu moja ya mbegu za nyanya ni kama mbegu 300, na zote 5 zinaingia kwenye bahasha ya barua. Sawa, dereva na karani lazima walipwe, sikatai. Lakini unyoya na tofali bei moja?

Mwenye shamba kubwa haumii, anaagiza kilo. Tunaoumia ni sisi na mama zetu vijijini. Mwisho wa siku mtu ananunua za kupimiwa kwa kijiko sokoni, hazina hata lebo, hazioti, na msimu ndo umekwenda.

Na msiniambie nikamue mbegu za nyanya za mwaka jana. Zile zilikuwa chotara, watoto hawafanani na mama!

Waweke bei ya bahasha, basi. Wakati tunasubiri, tuagize pamoja: watu kumi, nauli buku buku. Anayetaka mchicha, bilinganya au hoho anione kabla ya Ijumaa.