MTOTO MGONGONI SIYO MKOBA (Sehemu ya 3)

Mama zangu wa Moro, leo sizunguki. Kupanda Morningside na kichanga mgongoni kwa kanga moja, eti "mjini kuna joto", siyo ujasiri. Wewe unapanda unatoka jasho. Yeye hatembei, anapoa kimyakimya. Na mvua ya Uluguru haipigi hodi.

Mtasema, "Mbona Waluguru wanabeba watoto kila siku?" Ndiyo, lakini wao wako kwao, wanalijua wingu na nyumba iko jirani. Wewe umefuata picha!

Beba kofia, soksi, nguo kavu. Gusa tumbo lake mara kwa mara. Likiwa la baridi, vua nguo zilizolowa, mkumbatie ngozi kwa ngozi, mfunike, shukeni moja kwa moja hospitali. Lupanga haihami, mtamkuta akikua.