Moto Kukosa Nguvu Si Lazima Injini Imekufa

Vijana wenzetu, pamoja na ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo tunasema jambo moja: hapa Kanyosha injini nyingi zinafunguliwa bila sababu.

Motari anafika kwa fundi: "Moto haivuti tena mlimani." Fundi anaangalia mita, anaona kilomita 80,000, anajibu palepale: "Imezeeka hii, tubadilishe pistoni na ringi." Kesho yake pikipiki iko vipandevipande, patroni anadai pesa yake ya siku, na mkimbizi aliyekuwa anaiendesha hana hata ya unga. Baada ya wiki inarudi na pistoni mpya, na mlima bado unaishinda.

Kwa maoni yetu, uzee utajwe mwisho. Kwanza kuna mambo yanayojulikana kwa macho, mikono na bisibisi tu.

Anza na gurudumu la nyuma. Liinue, lizungushe kwa mkono. Likiwa zito, breki inashika au mnyororo umekazwa kupita kiasi, injini inasingiziwa. Halafu ukivuta mafuta, kelele inapanda lakini mwendo haupandi? Hiyo ni klachi inateleza. Injini ni nzima.

Kisha hewa na mafuta. Vumbi linaziba chujio la hewa haraka. Toa plagi (wengine tunaita buji): ikiwa na masizi meusi makavu, mafuta yanazidi hewa, ikiwa imelowa oili, hapo ndipo ringi au valvu zianze kushukiwa. Na mafuta yanapoadimika, wengi tunanunua esansi ya chupa. Legeza skrubu iliyo chini ya kabureta, kinga yanayotoka kwenye chupa safi, subiri kidogo: kama kuna maji, yatakaa chini.

Tukumbuke na milima yenyewe. Machi 2022 pikipiki zilikatazwa kuingia katikati ya mji, kazi nyingi ikabaki huku pembezoni na kwenye vilima. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Milima iliyo nyuma yetu inapita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu. Huo si ugonjwa.

Yote yakiwa sawa, pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kwenye injini iliyotembea sana, nafasi ya valvu ya moshi mara nyingi hupungua, mpaka valvu haifungi vizuri na mgandamizo unavuja. Ikirekebishwa mapema, haidai pistoni. Mwisho pima mgandamizo kwa geji, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, pima tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Ukibaki palepale, tafuta kwenye valvu.

Sasa kwenu wa mashirika. Mafunzo mengi tuliyopitia yanatuachia cheti na sanduku la spana. Asante, spana tunazihitaji. Lakini spana inafungua tu, haikuambii kwa nini ufungue. Tunaomba geji ya mgandamizo na fila geji, hata moja kwa vijana kumi. Na mtihani wa mwisho uwe hivi: mwanafunzi aletewe moto isiyovuta, asifungue injini mpaka aeleze alichopima.

Kuna atakayesema: fundi wa kusafisha chujio atakula nini? Wa pistoni anakula kikubwa mara moja. Anayepatia ugonjwa anarudiwa na parkingi nzima. Sisi wakimbizi hatuna ukoo wa kutudhamini mtaani. Jina zuri ndiyo dhamana yetu.

Kwa hiyo fundi, kesho motari akija, muulize kwanza moto inachoka lini: ikiwa baridi, ikishapata joto, mlimani tu, au muda wote? Kuuliza hakuna bei.