Simu ya Upepo Inayokwaruza Ikipata Joto

Ikiwa simu yako ya upepo ya zamani husema vizuri asubuhi, kisha baada ya nusu saa sauti hukwaruza, usiharakishe kulaumu waya wa juu. Izime, ipoe, uiwashe tena. Sauti ikirudi safi, yaelekea kuna kifaa ndani kisichostahimili joto: mara nyingi ni kapasita iliyozeeka, au transista ya kukuza sauti. Fundi na apulizie hewa baridi kifaa kimoja kimoja. Kitakachoisafisha sauti ndicho cha kubadilishwa. Simu ya valvu usiifungue mwenyewe: umeme wa volti 200 na zaidi huweza kubaki ndani hata ikiisha kuzimwa. Tena usikawie, kwani neno moja likisikika vibaya, mgonjwa aweza kupelekewa dawa isiyo yake.