Wana wa Mji wa Kale, Kamati ya Afya ni Yenu

Ndugu zangu wa Mvita, afya ya mtaa ina wenyewe, na wenyewe ni sisi. Baraza la Manispaa ya Mombasa lilipovunjwa mwaka 2013, kuzoa taka, kukagua mikahawa na kuendesha zahanati kukawa kazi ya serikali ya kaunti, kama ilivyoagiza Katiba ya 2010. Tangu hapo, mtaro ukiziba twamlaumu gavana. Kumdai ni haki yetu; lakini sheria imetuwekea na sisi kiti, na wengi wetu hatujakikalia.

Kiti hicho ni kamati ya afya ya jamii, inayotambuliwa na Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023. Wajumbe wake ni wenyeji. Hushirikiana na wahamasishaji wa afya, ambao kila mmoja hukabidhiwa nyumba kama 100 azitembelee.

Tusiidharau kazi hii. Kumbukeni chikungunya ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018: watu wazima na nguvu zao walishindwa kukunja vidole na kushuka ngazi. Mbu wake huuma mchana, na huzaa katika maji safi yaliyotulia. Nasi, mifereji ikitoa maji kwa zamu, hatuna budi kujaza mapipa. Hospitali humpokea mtu akishaumwa. Bwana afya naye ni mmoja, na si kila ua wa Kuze au Kibokoni ataingia, hasa penye wanawake peke yao. Jirani mhamasishaji hupiga hodi akakaribishwa. Atafunua pipa, aone viluwiluwi, kisha amwonyeshe mwenye nyumba kuwa kumwaga maji hakutoshi: lazima asugue kuta za pipa, kwani mayai hugandama ukingoni na hustahimili ukavu kwa miezi. Ni uani tunaposhinda au kushindwa vita hivi.

Wako wasemao kamati hizi zimeingiwa na siasa. Siasa hupata nafasi pale watu wa maana wanapojitenga. Basi tumchague mama anayeaminiwa mtaani, mwalimu wa madrasa, muuza samaki anayejua taka za soko, na kijana aliyesomea afya. Tusimchague mtu kwa kuwa ni jamaa wa mheshimiwa. Kaunti nayo iwalipe wahamasishaji posho yao kwa wakati, kwani anayepanda ngazi za nyumba 100 hawezi kuishi kwa kupewa shukrani.

Dini imetutaka tujitwaharishe kabla ya kusimama kuswali. Haitupasi kuswali safi na kuishi kando ya uchafu. Baraza la mtaa likiitishwa, nendeni, wake kwa waume. Ulizeni wajumbe wa kamati yenu ni nani, hukutana lini, na wameiandikia kaunti nini. Msipopata jibu, simameni mgombee ninyi.