Kompyuta Mpya Isizike Daftari la Zamani

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, programu iliyokuwa ikiendesha kompyuta nyingi za ofisi duniani. Mashine nyingi za zamani hazina sifa za kupokea Windows 11. Kwa hiyo ofisi nyingi, za bara na za visiwani, hazina budi kubadilisha mashine zao. Tunayaunga mkono mabadiliko hayo. Lakini tunalo neno moja kwa watendaji wa Serikali na kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba: mashine ni mali ya ofisi, bali yaliyomo ndani yake ni haki za wananchi. Mashine ya zamani isiondoke mezani kabla haki hizo hazijahamishwa zote, zikahesabiwa na kuhakikiwa.

Tuchukue mfano wa Kidodi, katika Wilaya ya Kilosa. Huko wakulima wadogo hulima miwa na kuiuza kwa kiwanda cha sukari, na malipo yao hutegemea uzito wa miwa na kiwango cha sukari kilichomo. Pia, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kumbukumbu za hakimiliki za kimila hutunzwa kwa daftari. Tarakimu moja ikipotea katika hesabu ya miwa, ni ada ya mtoto iliyopotea. Jina moja likipotea katika daftari la ardhi, ni ugomvi uliopandwa. Katika wilaya hiyo hiyo, mwezi Desemba, 2000, watu 38 waliuawa huko Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Wilaya yenye kumbukumbu hiyo haiwezi kuuona mpaka ulioandikwa kuwa ni jambo dogo.

Watu wa Kidodi hawahitaji kufundishwa maana ya kuhamisha shehena. Kusini yao ipo Kidatu, ambako reli mbili hukutana. Ile itokayo Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000; ile ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Kwa tofauti ya milimita 67 tu, behewa la reli moja halipiti juu ya reli nyingine, na mzigo hauna budi kushushwa na kupakiwa upya. Hapo ndipo mzigo huvunjika au kupungua, na hapo ndipo karani mwaminifu husimama na orodha yake. Kuhamisha mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya ni kazi ya namna hiyo hiyo.

Nchi yetu imekwisha kupata funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine zilivurugika, hata ikalazimu kurudia utaratibu wa zamani, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikwisha ondolewa, na wala hatuombi yarudi. Tunachoomba ni kukumbuka kwamba mashine peke yake haileti utaratibu. Ofisi isiyo na utaratibu huupoteza mwaka mzima wa kazi kwa dakika moja.

Wenzetu wa visiwani wanalo funzo la kale zaidi. Hati nyingi za mashamba na za wakfu za zama za usultani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zipo, wino upo, lakini afisa aliyesoma herufi za Kirumi peke yake huziangalia kama mgeni. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya kuingia skuli twajua kuwa maandishi hayafi kwa kuchakaa karatasi tu. Hufa pia kwa kukosa msomaji. Kwa bahati njema Zanzibar imezitunza kumbukumbu zake, na mwaka 2003 mkusanyiko wake wa maandiko na vitabu vya Kiarabu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Faili la kompyuta nalo lina herufi zake. Lililotungwa kwa programu za zamani kama WordStar au dBase laweza kuwamo ndani ya mashine mpya, likakosa wa kulisoma.

Basi, nini kifanyike? Kwanza, iandikwe orodha ya vilivyomo kabla ya kugusa chochote. Mafaili hayakai mahali pamoja. Mengine yamo ndani ya programu za hesabu, mengine katika barua pepe. Pili, yanakiliwe, yasikatwe na kubandikwa. Umeme ukizimika katikati ya kazi, asili iwe ingali salama. Tatu, idadi na ukubwa wa mafaili vilinganishwe pande zote mbili, na yale ya fedha na ardhi yafunguliwe moja moja. Yaliyo katika programu za kale yageuzwe sasa, wakati mashine ya kuyasoma ingaliwaka. Nne, nakala ya pili iwekwe katika jengo jingine. Mafuriko yaliyoikumba Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalionyesha kuwa maji hayachagui kabati. Tano, mashine ya zamani isipigwe mnada kabla diski yake haijafutwa kitaalamu au kuharibiwa, kwani faili lililofutwa kwa kidole tu bado laweza kufufuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai hivyo.

Wako watakaosema kuwa siku hizi kila jambo limo katika mifumo ya mtandao ya Serikali. Mfumo hutunza kile tu kilichotiwa ndani yake. Mihutasari ya mikutano ya kijiji, barua za malalamiko na orodha za miaka iliyopita aghalabu hubaki katika mashine ya mezani. Wengine watasema kazi hii ni ya kijana wa kompyuta. La hasha! Kijana huyo anajua waya. Mtendaji ndiye anayejua lipi ni haki ya nani. Kama vile ofisi ikabidhiwavyo kwa hati ya makabidhiano, mafaili nayo yahamishwe kwa hati, aliyetoa atie saini na aliyepokea atie saini.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na walisema tena: usiache mbachao kwa msala upitao. Msala mpya umekuja, nao ni mzuri, tuutandike. Ila mkuu wa ofisi atakayeagiza kompyuta mpya bila kuagiza orodha ya yaliyomo katika ile ya zamani ajue kwamba siku mwananchi atakapokuja kudai haki yake na isionekane, hatakubali kuambiwa kuwa mashine imebadilishwa.